Kipimo cha mwili mzima Ngamiani: shemeji kaambiwa ana mionzi ya rada

Huduma ninayoizungumzia ni ile ya "kipimo cha mwili mzima" kwa mashine ya kompyuta, kwenye fremu mpya iliyofunguliwa Ngamiani, Tanga, baina ya muuza vipuri vya baiskeli na kinyozi. Kipimo ni shilingi 10,000. Bango linadai hiyo ni ofa na kwamba bei halisi ni 50,000. Dawa zina bei yake, nitazifikia. Jina lao silitaji, kwa sababu mashine za namna ile zimejaa, leo ziko hapa, kesho utazikuta Muheza au Korogwe chini ya jina jingine, na ninayoyasema yanazihusu zote.

Mie nimestaafu kazi ya eksirei. Umri wangu wa kazi umepita nyuma ya ukuta wa madini ya risasi, beji ya kupimia mionzi kifuani, nikiwaambia watu "vuta pumzi, zuia". Kwa hiyo spika yao ilipokuwa inatangaza presha, kisukari, figo, nguvu za kiume, sumu na mionzi, yote kwa dakika moja bila kutoboa kidole, hayo mengine niliyapitisha sikioni. Hilo la mionzi lilinigusa, tena zaidi shemeji yangu aliporudi kutoka pale na jalada la karatasi za rangi na uso umemshuka.

Shemeji ni mwanajeshi mstaafu, alikuwa fundi wa rada. Alikuwa wapi na kwa mitambo gani hasemi, nami simuulizi. Ana miaka sabini na kitu, jicho la kushoto limeanza mtoto wa jicho, na tangu zamani ana wasiwasi kwamba ile kazi ilimwachia kitu mwilini. Sasa kaambiwa, kwa maandishi mekundu, kwamba mionzi yake imepita kiwango. Akauliza kama ni ya rada. Wakamwambia ndiyo baba, ni ya rada, imeganda. Kuisafisha ni dozi ya miezi mitatu, shilingi 285,000, au nusu dozi kwa 150,000 kama hana zote. Mtu anaishi kwa pensheni huyo.

Nikamwambia twende wote.

Niwape haki yao kwanza. Mahali ni pasafi. Kuna feni, viti vya plastiki vimefutwa, maji ya kunywa ya bure. Kijana wa mapokezi ana adabu za nyumbani, alitupa shikamoo, akamsogezea shemeji kiti chenye mgongo, na hakutupigia kelele hata nilipoanza maswali. Nyota moja ninayoitoa ni yake.

Mashine yenyewe ni kijisanduku cheusi chenye taa mbili, kimechomekwa kwenye laptopu. Humo unatoka waya wenye kichuma cha mviringo, na hicho ndicho unachokishika kiganjani. Kabla hujakishika kijana anakuuliza jina, umri, jinsia, urefu na uzito, anaviingiza kimoja kimoja. Kisha unashika, unaambiwa usitingishike. Kwenye skrini mwili wa mtu unazunguka, moyo unadunda, duara linajaa kijani taratibu, na chini pameandikwa asilimia. Likijaa, printa inaanza kulia. Unapewa kurasa na kurasa: mifupa, nyongo, kumbukumbu, vitamini, ngozi, madini mazito. Kwenye ukurasa wa sumu za mwili kuna mstari wa mionzi ya sumaku-umeme, mbele yake mipaka ya kawaida, halafu nambari yako yenye desimali tatu. Ya shemeji ilikuwa nyekundu.

"Mwanangu, hii nambari ni ya nini?"

"Ni kiwango cha mionzi, mama."

"Naona. Lakini kwa kipimo gani? Miligrei? Milisiveti?"

Akaitazama skrini, akaitazama karatasi. "Ni kiwango cha mashine, mama."

Miligrei na milisiveti ndivyo vipimo vya dozi ya mionzi, kama kilo kwa uzito. Hapo mie kwangu shauri lilikuwa limekwisha. Hata mchuuzi wa changu pale Sahare akikwambia "tatu", utamuuliza tatu nini, kilo au vipande. Nambari ya mionzi isiyo na kipimo nyuma yake haina kazi, hata iwe na desimali kumi.

Lakini shemeji alikuwa bado hajaridhika, basi nikamwomba kijana ampime tena, ila safari hii aingize umri wa miaka arobaini. Alisita kidogo, akaingiza. Mkono ule ule, kichuma kile kile, kiti kile kile. Mionzi ikarudi kijani. Figo, ambazo mwanzo zilikuwa nzima, zikawa nyekundu. Shemeji akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani: "Basi nibakie na arobaini, figo nitazitafutia dawa."

Kicheko kikamtoa "daktari" nyuma ya pazia. Koti jeupe, kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, simu mbili mkononi. Akatueleza kwamba mtu hapimwi tena siku hiyo hiyo, mwili unakuwa umechoka na mawimbi yamevurugika. Nikamuuliza mionzi ya rada inagandaje. Akasema inaganda kwenye mafuta. Nikamuuliza ni mionzi ayonisha, ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni mwilini kama eksirei, au ile isiyoayonisha. Akasema zote.

Sasa hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ninajua wastaafu wengi wa jeshi wanaopita pale wana swali la kweli, na swali la kweli linastahili jibu.

Mawimbi ya rada yenyewe, yale yanayorushwa angani, ni ndugu wa mawimbi ya oveni ya maikrowevu na ya simu. Yakiwa makali yanaunguza, yanapasha joto, lakini si mionzi ayonisha. Hatari ya fundi wa rada iko kwingine: ndani ya kabati la mtambo kuna taa kubwa za umeme, si za kuangazia bali za kuzalisha mawimbi, zinazoendeshwa kwa makumi elfu ya volti. Chembe za elektroni zikikimbizwa kwa nguvu hiyo na kugonga chuma, kinachotoka ni eksirei, ile ile niliyokuwa naitumia kupigia picha za vifua. Kabati likifungwa, chuma chake kinazuia sehemu kubwa. Fundi akilifungua umeme ukiwa bado umewashwa ili atafute kasoro, anaipokea mikononi, kifuani na machoni bila kuhisi chochote.

Haya hayakutungwa na mtu. Ujerumani mafundi wa rada wa jeshi la Magharibi na wa lile la zamani la Mashariki walilalamika miaka mingi, mpaka ikaundwa tume ya wataalamu iliyotoa ripoti mwaka 2003. Tume ilikuta kwamba kwa miaka ya mwanzo vipimo vya kuaminika karibu havikuwepo, na dozi ya kila mtu haiwezi tena kukokotolewa. Ikapendekeza mafundi wa miaka hiyo wenye saratani au mtoto wa jicho wasibanwe kwa nambari ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Kwa hiyo wasiwasi wa shemeji si upuuzi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwa wale wa Ngamiani: wanamuuzia mtu jibu la uongo kwa swali la haki.

Na uongo mkubwa kuliko wote ni huo wa "kuganda". Eksirei haigandi. Ukizima mashine imekwisha, kama ingebaki mwilini mie na wenzangu tungekuwa tunawaka usiku. Kinachobaki ni alama ya pale ilipopita. Hakuna kidonge cha kuiosha, kwa sababu hakuna kitu cha kuosha. Dawa za kutoa mionzi mwilini zipo, ila ni za watu walioingiwa na vitu vyenyewe vyenye mionzi, kwa kula, kuvuta au jeraha. Goiânia kule Brazili mwaka 1987, watu walipovunja kifaa cha zamani cha hospitali wakachezea seziamu iliyokuwemo, walipewa dawa inayoitwa bluu ya Prussia iitoe kwa njia ya choo. Vidonge vya iodini vinalinda tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi, tena uvimeze kabla au papo hapo. Mtu aliyepigwa na eksirei ya kabati la rada zaidi ya miaka arobaini iliyopita havimhusu kabisa. Nilipolishika kopo lao la shilingi 285,000 nikasoma: mwani, tangawizi, mlonge. Mlonge ninao uani, wa bure.

Basi mionzi ya zamani inapimwaje? Unatafuta kitu kilichokuwepo siku ile na kikaweka kumbukumbu. Havizidi vichache.

Cha kwanza ni beji, na hii ndiyo huduma ninayoweza kuisifu bila kuuma maneno. Sisi wa eksirei beji zetu hukusanywa kila baada ya miezi mitatu na kupelekwa Tume ya Nguvu za Atomu, Arusha. Ndani yake mna vipande vidogo vya lithiamu floridi. Mionzi ikivipiga, vinahifadhi kiasi cha nguvu yake. Maabara wakivipasha moto vinatoa mwanga kidogo, na wingi wa mwanga unakwambia dozi. Inarudi karatasi yenye jina lako, nambari, na milisiveti. Mfanyakazi wa mionzi kikomo chake ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, mtu wa kawaida ni 1, mbali na ile ya ardhini na angani isiyokwepeka. Zangu karibu zote zilikuja chini ya moja. Watu wengi hawajui kwamba beji ikishapashwa moto imejifuta, inarudi kazini ikiwa tupu. Kumbukumbu yote inabaki kwenye ile karatasi. Ndiyo maana zangu zimo kwenye sanduku pamoja na hati ya kiwanja, na wajukuu wameonywa.

Wamarekani waliijua thamani ya karatasi wakiwa wamechelewa. Julai 1946 walipolipua mabomu mawili ya atomu kwa majaribio kwenye visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki, wanajeshi na mabaharia waliokuwepo walizidi 40,000, na waliovaa beji walikuwa wachache tu kati yao. Baadaye, walipoanza kuugua na kudai, serikali ikaanzisha mwaka 1978 mpango wa kukokotoa dozi upya kwa kufuata meli ilikuwa wapi, siku gani, na mtu alikaa juu ya sitaha saa ngapi. Na miaka mitano kabla ya hapo, Julai 1973, moto ulikuwa umeshateketeza mamilioni ya mafaili ya askari kwenye hifadhi yao ya St. Louis.

Cha pili ni jino, na hili lilimvutia sana shemeji. Lile ganda gumu la nje, enameli, halijijengi upya kama mfupa. Mionzi ikilipiga inaacha ndani yake chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake, na zinakaa humo hata maelfu ya miaka, wachimbaji wa mabaki ya kale wanazitumia kujua umri wa meno ya wanyama waliotoweka. Maabara wanasaga enameli, wanaiweka katikati ya sumaku kubwa na kuipitishia maikrowevu, hizo hizo za rada, halafu wanasoma jibu. Wamefanya hivyo kwa manusura wa Hiroshima na kwa watu waliosafisha kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Linatakiwa gego, kwa sababu meno ya mbele jua nalo linayaachia alama. Picha za daktari wa meno lazima zitolewe kwenye hesabu, na mionzi ya kawaida ya dunia tangu jino liote itolewe pia. Hata hivyo, dozi ikiwa chini ya kama miligrei 100 majibu yanaanza kuyumba.

Shemeji kusikia hivyo akafungua mdomo pale pale barazani, akaanza kuhesabu magego yaliyobaki. Hapana, shemeji. Hakuna anayeng'oa jino zima kwa ajili ya kipimo, wanatumia yaliyong'olewa kwa sababu ya ugonjwa. Lakini kama una miadi ya kung'olewa na uliwahi kufanya kazi ya namna hiyo, mwombe daktari akupe jino lako na uandike tarehe.

Cha tatu ni damu. Chembe nyeupe zinaoteshwa maabara na kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe, zinatazamwa kwa hadubini, moja moja, mamia kwa maelfu. Mionzi inazikata, na zinapojiunga upya baadhi zinajiunga vibaya. Zile zilizoungana zikawa na vitovu viwili badala ya kimoja zinaonyesha dozi ya karibuni vizuri sana, ila zinapungua mwaka hadi mwaka kadiri chembe zinavyokufa. Zile zilizobadilishana vipande zinadumu, na ndizo zinazofaa kwa wazee. Chuo Kikuu cha Massey cha New Zealand kilitoa mwaka 2007 utafiti wa mabaharia wao waliokuwa karibu na majaribio ya mabomu ya Waingereza, Kisiwa cha Christmas na Malden, 1957 na 1958. Hayo mabadilishano yalikuwa takriban mara tatu ya wenzao ambao hawakwenda. Lakini umri nao unayaongeza, na sigara pia. Shemeji anavuta tangu kuruta, kwa hiyo kwake hata maabara nzuri ingepata kazi.

Mkojo ni kwa walioingiwa na kitu chenyewe. Askari wa Marekani waliopigwa kwa bahati mbaya na wenzao katika vita vya Ghuba vya 1991 walibaki na vipande vya urani iliyofifishwa, metali nzito ya kutengenezea risasi za kutoboa vifaru, mwilini, na hospitali ya Baltimore imewafuatilia tangu miaka ya tisini. Wenye vipande bado wanakojoa urani. Na inajulikana si ile ya maji na chakula, kwa sababu urani ya asili ina kama asilimia 0.72 ya aina ya urani iitwayo 235, na iliyofifishwa ina kama 0.2. Fundi wa rada hili halimhusu, naliandika kwa sababu "daktari" alituambia mashine yake inapima urani pia, kwa kiganja.

Sasa linganisha. Kule kote kuna kitu kinachochunguzwa, jino, damu, karatasi, na jibu linakuja na kipimo chake na kiasi cha shaka yake: kati ya hapa na hapa. Ngamiani kichuma kinapima ulivyoloa jasho kiganjani, na programu inajaza mengine kwa umri ulioutaja.

Shemeji nimemfanyia haya. Tulikwenda kwa daktari wa macho akaandikiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao kwa umri wake angeweza kuupata hata kama angekuwa mwalimu wa madrasa. Akapimwa picha kamili ya damu, kipimo cha kawaida kisichopima mionzi, ila daktari aliyesoma alitaka kuona chembe zake ziko sawa, na ziko sawa. Halafu nikamnunulia daftari. Aandike mwaka kwa mwaka: alikuwa mtambo gani, alifungua kabati mara nyingi au mara chache, umeme ukiwa umewashwa au umezimwa, mkono gani ulikuwa mbele, nani walikuwa naye. Ya siri ayaache. Tume ya Wajerumani iliwatenganisha watu kwa maswali ya namna hiyo hiyo, fundi mbali, mwendeshaji wa skrini mbali. Ameshajaza kurasa kadhaa, na nimegundua ana kumbukumbu nzuri kuliko ile mashine ilivyomwandikia kwenye ukurasa wa ubongo.

Fedha ya kipimo haikurudi. Dawa hatukununua, ingawa walishuka hadi 90,000 tulipokuwa tunafika mlangoni. Risiti waliyotoa ni kipande cha daftari chenye muhuri usiosomeka, basi anayetaka kudai chake adai kabla hajatoka. Na kama bado unataka kwenda kujionea, nenda asubuhi, foleni ni fupi, mwambie kijana akupime kwa umri wako kisha kwa umri mwingine, na ufike kabla "daktari" hajaja. Huwa anaingia saa nne.